Mama Mkwe Anataka Nianguke Kwenye Televisheni

Shangazi Kinuyo mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejificha ndani ya gari langu nje ya duka la vyakula, maana nyumbani sipati nafasi ya kufikiri, na naomba unisaidie kabla ukoo mzima haujagawanyika kwa sababu ya miguu yangu.

Mimi ni mwanamume wa hapa Toyama niliyeoa nikahamia kwa wakwe, nikachukua hata jina lao kwa kuwa hawakuwa na mtoto wa kiume, na baba mkwe wangu, Mzee Eisaku, alinipokea kwa moyo mweupe, ila alikuwa na uraibu mmoja tu, kile kipindi cha Jumapili jioni cha video za watu wanaoteleza, wanaojigonga kwenye milango ya vioo, wanaojimwagia supu, basi alikuwa akikitazama miguu yake ikiwa chini ya meza yetu fupi yenye blanketi na kipasha joto chini yake, anacheka mpaka machozi na kuipiga meza kwa kiganja mara mbili, pa-pa, na pembeni yake Mama Tokie, mkewe, hakucheka hata siku moja, yeye alikuwa akimmenyea machungwa madogo, na kila mtu akianguka anaiambia televisheni, "Pole, baba, umeumia?"

Baadaye Mzee akanunua kamera, akawa anatufuata nayo kwenye ngazi, kwenye theluji ya uani, mlangoni mwa bafu, akingoja mmoja wetu aanguke ili naye apeleke video kwenye kipindi, na miaka yote hiyo hakuna aliyeanguka, sisi bahati mbaya ni familia ya watu waangalifu, aliwahi kutuma ya paka aliyekaribia kuteleza na hawakumjibu.

Mzee alitutoka majira ya kuchipua. Mama akaizima televisheni, akawa anakula kwa sababu tu ameambiwa ale. Kwenye ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu afariki mimi ndiye niliyekaa mbele, kwa magoti, makalio juu ya visigino kama inavyotakiwa, na kasisi akasoma sala ndefu ajabu, na mimi nikaona aibu kujitikisa kwa sababu nyuma yangu alikuwa Baba Mdogo Kanjiro, mdogo wake marehemu, ambaye tangu siku ya harusi ananihesabu mpita njia, kwa hiyo nilipoitwa kwenda kufukiza ubani niliinuka nikiwa sina miguu, imekufa ganzi yote, nikapiga hatua moja, nikamshika kasisi mkono wa joho, nikaziangukia kifudifudi sadaka zilizopangwa mbele ya madhabahu, na lile tikiti la bei mbaya alilolileta Baba Mdogo mwenyewe likabingirika juu ya mikeka hadi magotini kwa Mama. Kasisi, sifa zimwendee, hakuikatiza sala.

Mama akalitazama tikiti. Kisha akacheka, Shangazi, mbele ya madhabahu na mbele ya picha ya mumewe, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Mke wangu Fumie alikuwa ameweka simu juu ya kabati ikirekodi ili shangazi yake aliyelazwa Osaka aifuate ibada, kwa hiyo kila kitu kimo. Tangu hapo Mama huiomba video kila jioni. Siku hizi hukaa upande aliokuwa akikaa Mzee, anasema hapo mwanga ni mzuri, na hanicheki ninapoanguka, hilo ndilo linalonifanya nimstahi, anangoja mpaka nimeinua kichwa na kuonekana mzima, tikiti likishafika ndipo anacheka na kuipiga meza pa-pa, halafu anainamia simu kidogo kunishukuru, na baada ya hapo anakula wali wake wote bila kuambiwa. Sijawahi kumwona mtu anayejua kumcheka mwenzake kwa adabu namna ile.

Sasa kipindi kinakusanya video za mwisho wa mwaka, na Mama ameniambia, "Itume. Baba yenu aliisubiri maisha yake yote na hakuna aliyempa." Habari zikamfikia Baba Mdogo, akapiga simu, akasema, "Kaka yangu hakufa ili muwe kichekesho. Ikionyeshwa, ibada ya mwaka msinitazamie." Fumie anasema uamuzi ni wangu kwa kuwa makalio ni yangu. Nami ni mwalimu wa udereva, wanafunzi wangu wote watayaona. Nimefikiria kuifuta kimyakimya na kusema simu imeharibika. Nishauri, Shangazi, nimekwama.

Mwenye Ganzi, Toyama

*

Mwenye Ganzi,

Toka kwenye gari, utapata baridi.

Nianze na kukugombeza. Mtu aliyelelewa juu ya mikeka anajua kupandanisha vidole gumba vya miguu na kuhamisha uzito kabla hajaitwa. Wewe ulijua, ukaacha miguu ife ili Baba Mdogo akuone mwanamume. Matokeo yake tumeyapata. Ibada ya mwaka omba kigoda kidogo cha kukalia, kila hekalu linavyo, na wazee wenye akili wanavitumia.

Na hilo la kusema simu imeharibika, sitaki kulisikia tena. Unataka kukifuta kitu kilichomrudisha mama wa watu mezani, kisha umdanganye? Wanafunzi wako wataicheka wiki moja, halafu watakuogopa kidogo na kukusikiliza zaidi. Utapona.

Itume. Lakini kabla ya kuituma pita kwa kasisi, maana na joho lake limo, umwombe ruhusa. Ninavyomsoma, atakubali haraka.

Kwa Baba Mdogo usipige simu. Nenda na Mama Tokie, mchukue tikiti jingine, na kama si msimu wake mchukue chochote kizuri cha duara. Muombe radhi kwa lile la kwanza, hilo ulikuwa hujafanya, sivyo? Nilijua. Kisha Mama aitazame video mbele yake. Wewe usimtetee mtu wala usieleze neno. Baba Mdogo amtazame shemeji yake, aisikie meza ikipigwa. Kama bado atakataa, mheshimu, mpe siku na saa ya kipindi, na siku ya ibada mwekeeni mto wake mahali pake. Atakuja.

Nadhani atakuja kwa sababu ya jambo ambalo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Mama Tokie hakuwahi kukicheka kile kipindi, umesema hata siku moja. Kuipiga meza mara mbili hakukuwa kwake. Leo amekaa alipokaa mumewe, anapiga alivyopiga mumewe, anamchekea kicheko alichokingoja na kamera mkononi akakikosa. Nimejibu barua nyingi za wajane, na mwanamke huyu namvulia kofia.

Ila hesabu watu walio kwenye hiyo meza yenu. Upande wa anayecheka una mtu. Upande wa pili hauna.

Kwa hiyo Jumapili hiyo kaa pale alipokuwa akikaa Mama Tokie zamani. Mmenyee machungwa, na kila atakayeanguka mwambie pole, kwa sauti. Zamu yako ikifika, usifunike uso. Mtazame yule mtu aliyelala juu ya sadaka, kisha umuulize vizuri, "Pole, baba, umeumia?"

Shangazi Kinuyo