Kuku Aliyewashinda Maprofesa

Dada Achieng,

Hujambo na watoto? Hapa Kampala mvua inanyesha na mimi nina njaa, na kosa si la Waganda.

Jana tulitoka mkutanoni, wanafizikia na watakwimu, tukaenda kula mtaa wa Bukoto. Profesa mmoja akajigamba kwamba hata akifungwa macho atatofautisha luwombo, kuku wa kupikwa ndani ya jani la mgomba, na kuku wa sufuria. Ungedhani kachokoza nyuki! Mmoja akataka sahani zipangwe kwa kura, mwingine akataka anayepakua naye afungwe kitambaa, wa tatu akasema kuku wawili hawathibitishi kitu.

Mama mwenye hoteli akasimama na sinia, akatuita mabwana kwa Kiganda: "Bassebo, chakula inapoa. Mutakula ama mutaongea?"

Tukamwomba asubiri tuafikiane. Akawapakulia wanakwaya wa meza ya pili.

Sisi tunaowinda chembe ndogo kuliko atomu, kuku mzima katupita puani. Leo asubuhi profesa kawasilisha mpango wa jaribio lake, bila mtu kuonja hata mchuzi, akapigiwa makofi. Nami nilipiga.

Nimekukumbuka, wewe na jiko lako. Nikifika Jumamosi nipakulie omena, dagaa wetu wa ziwani, na mtu asinielezee chochote mpaka nimalize.

Nduguyo,
Otieno