Jicho la Maximiliana

Nyamizi, uko wapi? Nimetoka Kasoli sasa hivi, kwa wifi Maximiliana, mke wa kaka Dastan.

Si alienda Dar kudungwa usoni mafuta yaliyotolewa mapajani mwake mwenyewe? Kweli karudi na mashavu ya kisichana, nikamwonea wivu.

Shoga, amemimina chai nje ya kikombe! Namuuliza, "Wifi, vipi?" Anasema, "Jicho la kushoto halioni." Halioni, Nyamizi! Mafuta yaliziba mshipa wa jicho siku ileile ya sindano. Daktari kasema halitapona.

Kaka akamfuta mkono taratibu. "Kaa, mke wangu, nitamimina mimi."

Ana jicho moja, na bado nimemwonea wivu. Paschal wangu, hata nikiumwa malaria, anauliza ugali uko wapi.