Mtoto Aliyeitwa Ogola

Jumapili

Bado nacheka nikiandika hii. Leo mwanajeshi Mkamba alitoka Kawangware akaja kwetu Kianda na mtoto mchanga. "Mama, huyu tumemwita Ogola."

Ogola ni ndugu yangu, luteni, anapigana na wanamgambo msituni. Mama alianguka kwa kiti akilia. Sisi Wajaluo, jina la mtu hupewa mtoto kama mwenye jina ameshakufa. Mgeni hakujua.

"Zii, Mama, yuko hai! Tulishambuliwa, nikapigwa risasi ya mguu. Afande Ogola alirudi peke yake akanibeba, na bado walikuwa wanatupiga."

Na sisi, Ogola kwa simu hutuambia tu huko kuna joto.

Mama alimpigia Ogola hapo hapo. Alimgombeza mpaka kredo ya simu ikaisha, na yule mtoto, Mama alikataa kumrudisha kwa baba yake.