Geti, Maji, Funguo

Mzee Msengi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema, kwa utani uliouzoea, kwamba sisi Wanyaturu tulijilea wenyewe.

Ni mimi Hamisi, wa simu, kituo cha zimamoto mjini. Najitambulisha kwa sababu kwa miaka sita tuliongea kila siku na tukaonana mara nne tu, na mara ya kwanza ulinipita ukaenda kumpa mkono dereva wetu ukidhani ndiye mimi. Ulisema sauti yangu ni ya mtu mnene.

Huu ni mwezi wa tano tangu uondoke. Nataka kukueleza yaliyotokea bandarini kwako, maana hapa sina wa kumweleza. Mke wangu amenikataza kutaja bomba wakati wa kula.

Huku nyumbani Mwankoko bado wanacheka wakisikia Singida tuna bandari. Jirani yangu kila jioni ananiuliza leo samaki gani wameingia. Nimeshamwambia ni uwanja wa makontena, malori yanashusha mzigo, mengine yanaubeba kuelekea Shelui na mbele, ndiyo bandari kavu. Anasema basi ndiyo maana mnaihitaji sana zimamoto. Siku hizi simjibu. Wewe ungemjibu.

Lile faili jekundu bado liko juu ya kabati langu. Mpango wa Pamoja wa Dharura kati ya Mji na Bandari. Nimelisoma lote mara mbili, kwa kulionea huruma, kwa sababu sijaona mwingine akilifungua. Ndani kuna mchoro wa mishale. Mshale unatoka kwa meneja wa bandari kuja kituoni, mwingine unatoka kituoni kwenda kwa wakubwa. Hakuna mshale unaofika getini. Wewe, mlinzi wa geti, hukuandikwa popote, wala mimi, mpokea simu, sikuandikwa.

Lakini mpango wenyewe ulikuwa ni wewe. Saa moja kamili asubuhi simu ya mezani inalia, nami sihitaji kuuliza nani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Geti linafunguka. Maji yapo. Funguo ninazo."

"Gari zima. Watu wapo."

"Haya. Tusiungue."

Unakata. Hukuwahi kuongeza neno, isipokuwa siku mjukuu wako alipozaliwa Kinampanda, na hata siku hiyo ulitaja geti kwanza.

Na ile miiba yako. Wageni wakiingia bandarini walishangaa kuona zizi dogo la miiba ya mgunga katikati ya uwanja wa saruji, na ndani hakuna mbuzi, kuna bomba la zimamoto. Nilipokuuliza ulisema dereva wa lori haogopi rangi ya njano, haogopi kibao, na Mungu anamwogopa Jumapili au Ijumaa tu. Anachoogopa siku zote ni pancha. Kwa miaka sita hakuna aliyeegesha juu ya lile bomba.

Asubuhi ile simu haikulia. Nilingoja mpaka saa moja na dakika ishirini, nikapiga mimi. Sauti nisiyoijua ikasema, "Mzee hayupo." Nikauliza anarudi lini. Ikarudia, "Kaka, hayupo." Ndivyo nilivyojua kwamba ile presha yako imekuchukua.

Sikuja kukuzika. Ninayepokezana naye zamu alikuwa likizo, na simu ya zimamoto haiachwi peke yake. Nilikaa nayo. Siku nzima haikulia hata mara moja. Ningeweza kuja na kurudi, mzee.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Sikupiga tena. Asubuhi ya pili ilipofika saa moja niliitazama simu, nikajiambia kwamba utaratibu ni geti kupiga, siyo kituo. Kesho yake nikajiambia hivyohivyo. Ukweli ni kwamba nilijua atakayepokea siyo wewe, na sikutaka kumsikia. Miezi mitatu ikapita hivyo. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunapigiana.

Huku nyuma uwanja ulifanyiwa usafi. Miiba yako ikaonekana ni uchafu, ikachomwa. Wakapaka mraba wa njano kuzunguka bomba, mzuri kabisa, wakasimika kibao. Kwa madereva waliochoka kutafuta nafasi, ilikuwa kama kukaribishwa.

Kisha siku moja alasiri moto ukaanza. Mashudu ya alizeti, yalifungiwa kwenye kontena yakiwa na unyevu. Unayajua mashudu, yakikosa hewa yanajipika yenyewe. Getini siku hizi yuko Zaina, binti makini, aliyeelekezwa kazi kwa karatasi. Akaona moshi, akafuata karatasi, akampigia meneja. Meneja alikuwa Dodoma kikazi, simu haikupatikana, akajaribu tena na tena. Ndiyo nusu saa ikaenda, mshale umekwenda Dodoma na kurudi, wakati mimi niko umbali wa dakika kumi, nimekaa na simu.

Mwishowe simu yangu ikalia. Gari lilipofika, Zaina akashika kufuli, akawaambia kila gari linaloingia liandikwe kwenye daftari la wageni. Kiongozi wetu akaandika jina, akaandika anakotoka, na palipoandikwa "sababu ya kuja" akaandika "moto." Daftari lile bado lipo, nimeliona. Saini nayo kaweka.

Kisha maji ya tangi yakaisha, wakakimbilia bomba. Juu ya bomba kulikuwa na trela limeegeshwa sawasawa ndani ya mraba wa njano, na dereva ameenda mjini kula, na funguo mfukoni. Nilikuwa namsikia kiongozi kwenye redio akiuliza, "Bomba liko wapi? Hamisi, bomba liko wapi?" Nami nilijua liko wapi. Ningeweza kumwambia mpaka idadi ya hatua kutoka kwenye kibanda chako. Haikusaidia kitu.

Makontena matatu yaliungua, na kibanda chako, na kigoda chako ndani yake. Na mkono wa kulia wa Juma, yule kijana wetu mrefu. Amerudi kazini, ila vidole viwili havikunjiki. Kila nikimwuliza anasema, "Haina shida, bro." Ningefurahi angenitukana.

Wakubwa wakaitisha mkutano, mji upande huu wa meza, bandari upande ule. Wakaamua kuunda kundi la simu. Lina watu arobaini, na mpaka leo kilichotumwa humo ni maua ya kutakiana asubuhi njema. Nikanyoosha mkono. Nikawaeleza yote, salamu yako, maneno yako matatu, miiba, na kwamba aliyeacha kupiga ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mwenyekiti akanitazama kwa upole akasema, "Asante, ndugu wa simu, lakini hilo halimo kwenye mpango." Wakaendelea. Hata kosa langu walininyima, mzee. Nililibeba nikarudi nalo nyumbani.

Kesho yake saa moja kamili nikapiga geti. Ililia mara tano. Nilitaka kukata.

"Geti. Shikamoo baba."

Kwenye simu ile nilikuwa sijawahi kuitikia, mimi ndiye niliyekuwa natoa. Nikasema marahaba, nayo ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Geti linafunguka?"

"Linafunguka."

"Funguo?"

"Ninazo, baba. Tangu siku ile nalala nazo."

"Maji?"

Akasema ngoja nikaangalie. Akaweka simu mezani. Nikasikia viatu vyake vikienda, malori, mtu akipiga honi, kisha viatu vikirudi. Akasema kuna trela juu ya bomba, lingine.

Nikamweleza habari za miiba. Akasema, "Wataniambia ni uchafu." Nikamwambia awaambie ni agizo la zimamoto, liko kwenye mpango. Halikuwemo. Kwa hiyo nilishusha faili jekundu, nikaandika kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa mwisho, na kwenye mchoro nikachora mshale mmoja kutoka kwangu hadi getini. Nimeuchora kwa rula. Hakuna atakayegundua, maana hakuna anayelifungua.

Jumamosi yangu ya mapumziko nilikata mgunga, nikaenda nao kwa guta, tukajenga zizi mimi na Zaina. Dereva mmoja akapunguza mwendo, akauliza, "Dada, zizi la nini hili katikati ya bandari?" Zaina hakuinua kichwa. "La ng'ombe wanaoegesha ovyo." Nikacheka, kisha nikageuka kukitafuta kibanda chako nione kama umesikia.

Juzi nimefika kwako Kinampanda. Mama, mkeo, amenipokea vizuri, akaniambia mimi si mnene kama ulivyokuwa unasema. Kaburi lako nimeliona. Mbuzi wanapita juu yake, mmoja amelala kabisa, upande wa kichwani. Kulijengea saruji wanasubiri mavuno.

Basi ahadi yangu ni hii. Jumamosi ijayo nakuja na miiba, kukuzungushia wewe sasa. Na kila siku saa moja asubuhi nitapiga geti, nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa, hata kama kuna asubuhi nitakayotamani kutosikia sauti ya mtu. Zaina ananipa shikamoo, ninaitikia, nimeanza kuizoea. Ila yangu mimi, Mzee Msengi, siku hizi sina pa kuipeleka. Ndiyo maana nimeianzia hapa juu.

Lala salama. Geti linafunguka. Maji yapo. Funguo anazo.

Haya. Tusiungue.

Hamisi, wa simu