Tela lililowapokea wakwe

Mjukuu wangu Kemi, shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nyaishozi tu wazima, migomba imebeba, na bibi yako bado ananibishia.

Unauliza nilioaje bila nyumba. Nani kasema sikuwa nayo? Wajenzi wa barabara waliacha tela lao la kulala, la magurudumu mawili, limeliwa na kutu. Nikaziba matundu, nikapiga rangi, nikatandaza nyasi chini. Karagwe nzima hapakuwa na fundi kama mimi.

Baba yake bibi yako akaja kuikagua nyumba hiyo na ndugu zake wanene. Kwa desturi wageni hukaa ndani kabisa, basi nikawapeleka nyuma, mimi nikabaki mbele mlangoni na kibuyu cha rubisi. Tela likainuka mbele, wakaviringishana nyuma, pombe ikawafuata. Nikasema moyoni, binti ndiyo basi.

Mzee akatoka amelowa. "Kijana, nyumba yako imepiga magoti kusalimia wakwe! Wewe mwenyewe si utalala kifudifudi? Mchukue."

Watu husema nilisahau kulitegemeza nyuma. Waongo. Ila siku ya kuhamia, bibi yako kabla ya kuingia alisukumia mawe chini ya mkia wa tela, kimya kabisa. Hapo nikajua nimeoa.

Ni mimi babu yako, fundi.