Herufi za Mwisho kwenye Kibati

Mkunya, Newala

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Shikamoo yako nimeisoma mara mbili. Mama yako Zainabu ni mzima, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza utaijuaje aina ya injini ya ndege iliyokwisha kutumika kabla hamjainunua huko kazini kwenu. Nilipokuwa fundi kijana pale uwanja wa ndege wa Masasi, nilitumwa kununua moja. Nikasoma namba kwenye kibati ubavuni mwa injini, nikaona ni sawa na yetu, nikalipa. Herufi za mwisho, zinazotenganisha injini za namba moja, sikuzitazama. Tulipotaka kuifunga, matundu ya boliti yakakataa kabisa kulingana na ya ndege yetu.

Nilirudi nyumbani nimenywea, nikasimulia yote. Bibi yako akacheka. "Baba Zainabu, hapa ukiita Mama Fatuma wanaitika watatu. Si lazima useme Mama Fatuma yupi?"

Basi soma mpaka herufi ya mwisho, kisha linganisha na kitabu cha injini hiyo.

Tangu bibi yako afariki, kila mtu hapa ananiita Babu, nami naitika. Lakini mlango wa jikoni ukilia, bado nasubiri kuitwa Baba Zainabu.

Babu yako