Programu ya nakshi imefunguka

Jumanne usiku, Kamembe

Imefunguka! Programu yangu ya kuchorea nakshi ni ya Windows, na kompyuta ya mume wangu ni ya Linux. Ingekataa, ningekuwa nalala Bugarama kwa dada kila wiki, iliko kompyuta yangu ya zamani, na zawadi za harusi bado hatujamaliza kuzifungua. Mama mkwe angesema bibi harusi ametoroka.

Leo mume wangu ameweka programu inayoigiza Windows. Yangu ikafunguka, ikidhani iko kwao. Herufi nyingine zimegeuka visanduku. Siku moja itagoma, najua.

"Sheri, mpenzi wangu, inachelewa sana," nikamwambia.

"Iache ichelewe," akasema. "Wewe si uko hapa?"

Nikachora ua la mushanana, vazi la sherehe, la mteja. Likajitokeza polepole, jani kwa jani. Sikuwa na haraka.